Kutoka Afisa Mradi hadi Meneja Mradi: Ujuzi wa Kujenga, Hatua kwa Hatua

Kuna mahali ambapo watu wengi wa miradi hukwama. Umeshakaa miaka minne au mitano ukiwa afisa mradi. Warsha unaandaa, masurufu unarejesha kwa wakati, ripoti ya robo mwaka unaikesha na asubuhi imeshatumwa. Halafu nafasi ya meneja inatangazwa, na analetwa mtu kutoka nje. Si lazima uongozi uwe unakuchukia. Mara nyingi umezoeleka kama mtu wa shughuli, wakati meneja anatafutwa kwa maswali mengine: mradi uko wapi leo, utaisha lini, utagharimu kiasi gani mpaka uishe, na unataka bosi aamue nini? Anayejibu hayo kwa tarakimu, bila kuomba siku tatu za kwenda kuulizia, ndiye hukabidhiwa mradi.

Mwongozo huu unalenga hapo. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: mradi wa maji wa kijiji, bajeti shilingi milioni 600, miezi 10, kuanzia Septemba 1 hadi Juni 30. Kama wewe uko kwenye afya, elimu au mifumo ya kompyuta, badilisha majina ya kazi. Hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichosimamia, si ulichoshiriki

Chukua daftari. Kwa kila mradi uliopitia, andika bajeti uliyokuwa ukiifuatilia mwenyewe, watu waliokuwa wakikuripoti, uamuzi mmoja uliokuwa wako, na kitu kilichokabidhiwa mwishoni. Neno "nilishiriki" usiliandike kabisa. Ukimaliza, utaona ukurasa umejaa upande wa mafunzo na uhamasishaji, na mweupe upande wa fedha na manunuzi. Hapo penye weupe ndipo pa kuanzia mwaka huu. Nenda kwa meneja wako umwombe sehemu moja ya mradi yenye bajeti yake, hata ikiwa ndogo, uisimamie mpaka mwisho. Wengi hukubali, maana unawapunguzia kazi.

Hatua ya 2: Jifunze ratiba yenye viungo

Ratiba nyingi za ofisini ni jedwali la Excel lenye miezi juu, shughuli pembeni na visanduku vilivyopakwa rangi. Inapendeza kwenye andiko la mradi. Tatizo lake ni kwamba haisemi kazi gani inasubiri kazi gani, kwa hiyo moja ikichelewa wiki tatu hakuna anayejua nini kingine kimesogea.

Mbinu ya kutafuta mnyororo wa kazi ambazo, mojawapo ikichelewa, mradi wote unachelewa, ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: kampuni ya DuPont kwa viwanda vyake, na jeshi la majini, kwa njia inayokaribiana nayo, kwa makombora ya Polaris. Huhitaji programu ili kuielewa. Kata karatasi ndogo, kila kazi karatasi yake, na muda wake juu. Zipange mezani kwa kuuliza swali moja tu: hii haiwezi kuanza mpaka nini kiishe? Kwenye mradi wetu wa maji utagundua jambo ambalo jedwali la rangi lilificha. Pampu inaagizwa nje na inachukua wiki 10 kufika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya haraka ni barua ya kuagiza pampu, wakati kila mtu anashughulikia sherehe ya uzinduzi.

Kisha weka juu ya ratiba hiyo kalenda mbili ambazo hazisogei. Ya kwanza ni mvua. Pwani na kaskazini kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma na Singida ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kazi ya mitaro ndani ya masika ni kuchimba mara mbili. Ya pili ni mwaka wa fedha. Serikali hapa Tanzania hufunga Juni 30, na Kenya vilevile, wakati serikali kuu ya Marekani huanza mwaka wake Oktoba 1. Mradi wenye wafadhili wawili unaweza kuwa na Juni ngumu na Septemba ngumu.

Ukishaelewa kwa karatasi, hamia kwenye programu. ProjectLibre ni ya bure na inatosha kujifunzia. MS Project utaikuta ofisi nyingi. Primavera P6 jifunze tu kama unataka kwenda kwenye ujenzi mkubwa, reli au mabomba ya mafuta, ambako kupanga ratiba ni kazi kamili ya mtu mmoja na inalipa vizuri.

Hatua ya 3: Soma fedha pamoja na kazi

Hapa ndipo ngazi ya kati inapojitenga na ngazi ya chini, kwa hiyo twende polepole.

Ni mwisho wa Januari, mwezi wa tano. Mpango ulisema kufikia leo kazi yenye thamani ya milioni 300 iwe imeshafanyika. Mhasibu analeta taarifa: matumizi ni milioni 270. Kikaoni watu wanatikisa vichwa kwa furaha, "tumeokoa milioni 30." Ripoti inakwenda kwa mfadhili hivyo.

Kilichokosekana ni namba ya tatu: thamani ya kazi iliyokamilika. Rudi kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi za mradi na bei zake. Kisima na pampu ni milioni 80. Bomba ni kilomita 12 kwa milioni 25 kila kilomita, jumla 300. Tenki ni 120. Vituo 20 vya kuchotea maji kwa milioni 5 kila kimoja, jumla 100. Sasa nenda saiti, usipige simu.

"Mhandisi, bomba tumefika wapi?"

"Tuko vizuri, bosi. Sita tumeshalaza."

"Zilizopimwa kwa msukumo wa maji na kufukiwa?"

"Hizo sasa... nne."

Hesabu nne. Kisima na pampu vimekamilika, milioni 80. Bomba kilomita 4, milioni 100. Tenki limefika nusu, milioni 60. Vituo bado. Jumla ni milioni 240.

Gawanya 240 kwa 300: unapata 0.8, yaani kati ya kila kazi kumi zilizopaswa kuwa zimekwisha, nane ndizo zimekwisha. Gawanya 240 kwa 270: unapata kama 0.89. Kila shilingi 100 iliyotoka imeleta kazi ya shilingi 89. Ukiendelea kwa mwendo huo (600 mara 270, gawanya kwa 240), mradi wa milioni 600 utamalizika kwa milioni 675. "Akiba" ya milioni 30 imegeuka pengo la milioni 75.

Angalia pia kilichotokea kwenye jibu la mhandisi. Kama ungeandika kilomita 6 kama alivyosema mwanzo, thamani ya kazi ingekuwa milioni 290, na namba zote mbili zingeonekana nzuri: ratiba 0.97, fedha 1.07. Tofauti yote imelala kwenye kilomita 2 za mtaro ulio wazi, na masika ni mwezi mmoja mbele. Mhandisi hakukudanganya, ulimuuliza "kulaza", akakujibu kuhusu kulaza. Ndiyo maana kabla mradi haujaanza, kaeni mkubaliane kwa maandishi kila kazi inahesabiwa imekwisha ikiwa katika hali gani. Kwenye mafunzo, kwa mfano, semina imekwisha pale mahudhurio, ripoti na risiti vimeshafungwa, si pale washiriki wamepanda basi kurudi kwao.

Bado kuna hukumu ya kutoa. Ile milioni 675 inadhani hasara itaendelea. Tuseme ukichunguza unakuta milioni 30 za ziada zilikwenda kwenye mwamba uliokutwa kilomita ya tatu, na njia iliyobaki ni udongo laini. Basi makadirio ni 270 zilizotumika jumlisha 360 za kazi iliyobaki, yaani milioni 630. Pengo ni 30, si 75. Kompyuta haiwezi kukuchagulia kati ya hizo mbili. Wewe uliyekwenda saiti ndiye unayechagua na kueleza kwa nini, na ukiwa huna ushahidi kwamba mwamba umekwisha, peleka ile kubwa.

Fanya hesabu hii kila mwisho wa mwezi kwenye mradi ulio nao sasa, hata kama hujaombwa. Baada ya miezi michache utaanza kuona tatizo kabla ya mhasibu.

Hatua ya 4: Kaa karibu na manunuzi

Maofisa wengi hulitupa jambo hili kwa afisa manunuzi, halafu wanalalamika amechelewesha. Kama uko kwenye fedha za umma Tanzania, soma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na ujue NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, inavyokwenda, angalau hatua ambazo ombi lako hupitia na muda wa kila moja. Kenya, sheria ya msingi ni ya mwaka 2015. Mashirika binafsi yana mwongozo wao ndani. Unachotafuta ni siku: kuanzia ombi kusainiwa mpaka mzigo kufika, ni siku ngapi kweli, kwa kuangalia mafaili ya manunuzi yaliyopita. Weka siku hizo kwenye ratiba. Jifunze pia kuandika hadidu za rejea na vipimo vya kitu unachotaka. Vipimo vikiwa legelege utaletewa cha bei ya chini kinachofanana na ulichotaka, na kisheria hutakuwa na la kusema.

Hatua ya 5: Rejista ya vihatarishi inayofanya kazi

Fungua rejista yoyote ya vihatarishi utakuta "kuchelewa kwa fedha", "mabadiliko ya hali ya hewa", "ushirikiano mdogo wa jamii". Hizo zinaweza kunakiliwa mradi hadi mradi na hakuna atakayeshtuka. Kihatarishi kilichoandikwa vizuri kina tarehe, kina mtu na kina la kufanya. Linganisha na hiki: "Awamu ya pili ya fedha isipoingia hadi Februari 15, ufukiaji wa bomba utasimama kabla ya masika na mitaro itaporomoka. Anayefuatilia: mhasibu wa mradi. Ikifika Februari 1 hakuna barua ya malipo, tunasitisha uchimbaji mpya na kufukia uliopo."

Vitano vya namna hiyo vinatosha. Visomeni mwanzoni mwa kila kikao cha mwezi, dakika kumi tu. Kilichopita kifuteni.

Hatua ya 6: Kuongoza watu usiowaajiri

Meneja wa ngazi ya kati ana madaraka madogo kuliko watu wanavyodhani. Mkandarasi ana mkataba wake, mhandisi wa wilaya ana mkurugenzi wake, mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na watu wake. Wote unawahitaji na hakuna unayeweza kumfukuza.

Silaha yako kubwa ni muhtasari wa kikao. Nasema kwa uzito, maana kazi hiyo husukumiwa mtu mdogo kuliko wote mezani. Iombe. Anayeandika muhtasari ndiye anayeamua sentensi ya uamuzi inasomekaje. Andika nani, nini, lini. Sambaza siku hiyohiyo. Kisha siku mbili kabla ya kikao kinachofuata wapigie wote wenye jina humo. "Mzee, Alhamisi kwenye yatokanayo kuna lile la eneo la tenki, nikuandikie kwamba tayari?" Mtu anapewa nafasi ya kumaliza kimyakimya, haumbuliwi mbele ya watu, na wewe unaingia kikaoni ukijua majibu. Mambo mengi humalizika kwenye simu hizo.

Kundi la WhatsApp la mradi ni zuri kwa picha za saiti na taarifa za haraka. Maamuzi ya fedha na mabadiliko ya kazi yasiishie humo. Mkandarasi akiambiwa kwenye kundi "ongeza vituo viwili," ataongeza, na siku ya kudai malipo hakutakuwa na hati. Kila badiliko lipitie maandishi yenye saini, likiwa na gharama na siku zake, kabla jembe halijashuka.

Na kijijini, msalimie mwenyekiti na upite ofisi ya mtendaji kabla ya kwenda kwenye mtaro. Watu wa mjini huona ni kupoteza nusu saa. Kituo cha maji kikiwekwa upande wa kitongoji kimoja na kingine kikanuna, utazilipa nusu saa hizo kwa wiki.

Hatua ya 7: Peleka habari mbaya mapema, na mapendekezo yake

Ofisini kwetu habari mbaya hupanda ngazi taratibu sana. Afisa anampunguzia makali mratibu, mratibu anampunguzia meneja, mkurugenzi anapata "changamoto ndogondogo". Ukijijengea jina la mtu ambaye taarifa yake haijachujwa, utatafutwa.

Heshima inabaki palepale. Kinachobadilika ni mpangilio. Namna hii:

"Shikamoo Mkurugenzi. Mradi wa maji uko nyuma kwa kazi ya shilingi milioni 60, na tutapungukiwa milioni 30 mpaka kukamilika. Sababu ni mwamba kilomita ya tatu. Nimekagua njia iliyobaki jana na mhandisi, mashimo ya majaribio yanaonyesha udongo. Tuna njia mbili: kuomba nyongeza kwa mfadhili, jibu linaweza kuchukua wiki sita, au kupunguza vituo 6 kati ya 20 na kuvihamishia awamu ijayo. Napendekeza tuombe nyongeza sasa, na tuvisimamishe vituo 6 mpaka jibu lije. Naomba uamuzi wako kabla ya Ijumaa ili wiki ijayo tufukie kilomita 2 zilizo wazi."

Hakuna maelezo ya historia ya mradi, hakuna jina la wa kulaumiwa. Bosi anaweza kujibu kwa neno moja akiwa kwenye gari. Jizoeze kuandika hivi hata mambo yanapokwenda vizuri.

Hatua ya 8: Omba kufunga mradi

Mradi ukikaribia mwisho watu huanza kutafuta kazi nyingine, na mafaili hubaki. Hapo nyoosha mkono. Kufunga mradi kunakupitisha kila kona kwa miezi michache: ukaguzi wa mwisho wa hesabu, kukabidhi mali na magari, orodha ya kasoro, malipo ya mkandarasi yaliyozuiwa mpaka muda wa matazamio (wa kuangalia kama kazi ina kasoro) uishe, kamati ya watumia maji kupokea funguo na daftari la makusanyo. Utakuta mikataba isiyo na viambatisho na utajua kwa nini viambatisho vina maana. Sijui darasa linalofundisha haraka kuliko hili.

Hatua ya 9: Cheti, kwa wakati wake

PMP, cheti cha usimamizi wa miradi cha taasisi ya PMI, ndiyo inayotajwa sana kwenye matangazo ya kazi. Kwa mwenye shahada, wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo kabla ya kufanya mtihani. Ukishafaulu, unahitaji pointi 60 za kujiendeleza kila miaka mitatu. Ada ni mamia ya dola, hivyo soma masharti ya sasa kwenye tovuti yao kabla ya kulipa mtu yeyote wa mafunzo. Maombi yanataka ueleze miradi uliyoongoza, na hapo lile daftari la hatua ya kwanza linakuwa kazi iliyokwisha fanyika.

Kama miezi hiyo hujaifikisha, CAPM ya taasisi hiyohiyo haidai uzoefu. PRINCE2 ina nguvu kwenye mashirika yenye asili ya Uingereza. Walio kwenye miradi ya maendeleo waangalie Project DPro, inayozungumza lugha ya wafadhili na jamii kuliko ya viwanda.

Maoni yangu: ukiwa na shilingi za kitu kimoja tu na bado hujashika bajeti, zitumie kujifunza Excel vizuri na hesabu za hatua ya 3. Mwenye PMP bila mradi aliouongoza huulizwa maswali mawili kwenye usaili na kunyamaza.

Na usijifunge kwenye taratibu za mfadhili mmoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID ikafungwa rasmi, watu wengi wa miradi Afrika Mashariki walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache. Aliyekuwa bingwa wa fomu za mfadhili huyo alibaki na ubingwa usio na soko. Ratiba, thamani ya kazi, manunuzi na mikataba vinaingia kwenye benki, kampuni ya simu, halmashauri na kiwanda.

Hatua ya 10: Omba nafasi kwa lugha ya meneja

Kwenye wasifu wako, futa "kusaidia katika utekelezaji wa shughuli mbalimbali." Andika bajeti, muda, kilichokabidhiwa, na kilichokuwa kigumu: "Nilisimamia sehemu ya bomba, kilomita 12, milioni 300, nilikabidhi wiki mbili baada ya muda kwa sababu ya mwamba, ndani ya makadirio yaliyorekebishwa na kuidhinishwa." Msomaji anayejua miradi huamini zaidi mtu aliyekiri wiki mbili kuliko aliyemaliza kila kitu kwa wakati.

Kwenye usaili utaulizwa kuhusu mradi uliokwama. Andaa mmoja, kwa mpangilio wa ile barua kwa Mkurugenzi: hali, sababu, njia zilizokuwepo, ulichopendekeza, kilichoamuliwa. Dakika tatu. Wakimaliza na kukuuliza kama una swali, waulize wewe: mradi huu umefikia asilimia ngapi ya kazi na asilimia ngapi ya fedha? Wakikutazama bila jibu, uliza pia nani ana mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko ya bajeti, na usisaini mkataba mpaka hilo liwe kwenye maelezo ya kazi yako.